Nimehamia Linux Mint katika steshenari: nitumie nini badala ya Publisher, Photoshop na programu nyingine za Windows?

DadaSteshenari, Morogoro, anauliza:

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mniruhusu nieleze jambo langu kwa urefu kidogo, kwa sababu nimeona maswali mafupi ya aina hii huishia kujibiwa kwa orodha ya majina ya programu, na muulizaji akabaki hajui aanze na ipi.

Ninaendesha steshenari yenye kompyuta tatu karibu na stendi ya daladala hapa Morogoro. Kazi zetu ni zile zile za kila steshenari: kuchapa barua na wasifu wa waombaji wa ajira, kuandaa mitihani ya walimu wa shule za jirani, kupiga na kutoa picha za pasipoti, kuskani vyeti, kuwajazia wanafunzi fomu za mtandaoni na, msimu wa harusi unapofika, kadi za michango na za mialiko, ambazo kusema kweli ndizo zinazolipa pango. Kompyuta zote tatu ni za Core i3 ya kizazi cha tatu zenye RAM ya GB 4, kwa hiyo hazikubaliki kwenye Windows 11, ambayo inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au ya baadaye. Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, nilipiga hesabu ya kununua mashine tatu nyingine, nikaifunika ile karatasi, nikamwomba kijana mmoja aniwekee Linux Mint 22, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye kompyuta mbili. Ya tatu bado ina Windows 10 na programu zote za zamani, na nilipanga kuifuta Jumapili hii ili wote tufanye kazi kwenye mfumo mmoja.

Mfumo wenyewe haunisumbui. Menyu iko pale pale chini kushoto, mashine inawaka haraka kuliko zamani, na vijana wangu waliuzoea kwa siku mbili. Taabu iko kwenye programu. Nina violezo vya kadi zaidi ya 300 nilivyovitengeneza kwa Publisher kwa miaka tisa, na nimeambiwa hakuna Publisher ya Linux. Picha za pasipoti nilikuwa nazitoa kwa Photoshop, nikiwa nimerekodi hatua zote, hivi kwamba nikibonyeza kitufe kimoja picha nane zinajipanga zenyewe kwenye karatasi moja. Hiyo nayo sina tena. Nyaraka za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, programu za ofisi zilizokuja na Mint, lakini mtihani wa kurasa mbili alioniletea mwalimu juzi ulifunguka ukiwa na kurasa tatu, na mchoro wa swali la 14 ukaruka kwenda ukurasa wa peke yake, mbali na swali lake. Jedwali la matokeo la Excel la mwalimu mwingine lilifunguka vizuri kabisa, ila nilipobadilisha alama ya mwanafunzi mmoja, seli ya daraja ikaandika #NAME?. Programu yetu ya hesabu za duka haifunguki. Printa ya leza inaonekana kwenye orodha, inapokea kazi, na haitoi karatasi. Ile ya wino inachapa, lakini sijui nitaiskanishaje.

Nilichoomba kwa kila niliyemuuliza ni jina la programu inayofanana na niliyoiacha, na kila mmoja amenipa jina tofauti. Naomba ushauri wa mtu ambaye amefanya kazi hizi kwa mikono yake.

KaraniMkongwe, Dar es Salaam:

Dada, kabla ya lolote, naomba Jumapili ipite bila kuifuta hiyo kompyuta ya tatu. Nimeshuhudia ofisi mbili zikifuta mashine ya mwisho kwa furaha ya kuhama, kisha wakaanza kutafuta mtu mwenye Windows mtaani ili wafungue faili zao wenyewe. Mashine hiyo iondoe kwenye intaneti, iache mezani, na uihesabu kuwa ndiyo ghala ambalo bado hujamaliza kutoa mizigo.

La pili, nadhani majina tofauti uliyopewa yametokana na namna ulivyouliza. Ukiuliza nini kinafanana na Publisher, mmoja atakutajia Scribus, mwingine Draw, mwingine Inkscape, na wote watakuwa sahihi kwa sehemu. Uliza badala yake faili ile inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Wasifu wa mwombaji kazi unatoka kwako ukiwa umechapwa au ukiwa PDF, hauna haja ya kufunguliwa tena na mtu mwingine. Huo andika kwa programu yoyote unayopenda. Mtihani wa mwalimu unatoka kwenye Word ya shule, unapita kwako, na unarudi kwenye Word ya shule. Huo ndio unaohitaji uangalifu, na hapo swali ni programu gani itaiharibu ile faili kwa kiasi kidogo kuliko nyingine. Hayo ni mambo mawili tofauti, hata kama zamani yote mawili uliyafanya kwa programu moja.

Kuhusu huo mtihani uliovimba hadi kurasa tatu, ninaamini kwa karibu asilimia mia kwamba tatizo ni fonti. Word ya mwalimu ilitumia Calibri au Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na haziji na Linux, kwa hiyo LibreOffice ikaweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari ikaongezeka, na mchoro ukakosa nafasi. Zipo fonti huria zilizotengenezwa makusudi ziwe na upana ule ule wa kila herufi: Carlito inasimama mahali pa Calibri, Caladea mahali pa Cambria. Kwenye Meneja wa Programu wa Mint tafuta fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, ziweke, funga LibreOffice na uifungue upya, kisha fungua ule mtihani bila kubadilisha kitu. Times New Roman na Arial zina mbadala wake tayari, Liberation Serif na Liberation Sans, ambazo nazo vipimo vyake ni vile vile; ukitaka zile zenyewe, kuna kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer, kinachokuuliza kwanza kama unakubali masharti ya leseni. Balaa jipya ni Aptos, iliyochukua nafasi ya Calibri kuwa fonti ya kawaida ya Word za sasa. Hiyo bado sijapata mbadala unaolingana nayo herufi kwa herufi, kwa hiyo mwombe mwalimu mwenye Word mpya abadilishe fonti kabla hajaleta, au alete PDF kama hakuna cha kurekebisha.

Faili inayorudi shuleni ihifadhi kama docx, wala usiihifadhi kama odt ambayo LibreOffice huipendelea, na kama unaona mpangilio bado unateleza hata baada ya fonti, jaribu OnlyOffice, ambayo imejengwa kuzunguka muundo wa docx tangu msingi wake. Mimi ninazo zote mbili kwenye mashine moja na hazigombani. Mitihani yenye majedwali mengi na visanduku vya maandishi naifungua kwa OnlyOffice. Kila kitu kingine LibreOffice.

Kuhusu #NAME? ya jedwali la matokeo, tazama ndani ya fomula. Ukikuta neno linaloanza na _xlfn na mbele yake XLOOKUP, fomula mpya ya Excel ya kutafuta thamani kwenye jedwali, hapo umempata mchawi. XLOOKUP iliingia LibreOffice kuanzia toleo la 24.8, na Mint 22 inakuja na 24.2. Mwanzoni lilionekana sawa kwa sababu Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, huonyesha majibu yaliyohifadhiwa na Excel hadi utakapogusa kitu. Una njia mbili: kuweka LibreOffice mpya kwa Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, kupitia Meneja yule yule wa Programu, upakuaji unaokula mamia ya megabaiti, au kuandika upya fomula hiyo kwa INDEX na MATCH, ambazo zinafanya kazi ile ile na zinafunguka kwenye Excel ya zamani na mpya. Kama jedwali lina makro, yaani amri zilizoandikwa ndani yake ili zijiendeshe zenyewe, jiandae kisaikolojia: LibreOffice inaendesha baadhi ya makro za VBA na nyingine inazikataa, na hakuna wa kukuambia mapema zipi ni zipi.

Kwa Photoshop, weka GIMP. Inakata, inabadilisha rangi ya nyuma, inarekebisha mwanga. Sioni utakachokosa.

MchoraKadi, Mombasa:

Ndugu Karani amesema vyema kuhusu nyaraka, ila kwenye picha na kadi naomba nimpinge kidogo kwa heshima, kwa kuwa mimi mkate wangu uko huko. Nilihamia Linux miaka kadhaa iliyopita na duka langu ni la kadi, vipeperushi na mabango.

Dada, nianze na Publisher, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Microsoft wenyewe wameshatangaza kwamba Publisher haitakuwa sehemu ya Microsoft 365 baada ya Oktoba 2026, kwa hiyo hata wale waliobaki Windows watakuja kusimama mahali uliposimama wewe. LibreOffice Draw hufungua faili za pub, nami nimezifungua nyingi, lakini maandishi yaliyojipinda, vivuli na fremu zilizounganishwa hufika vimechoka. Usitegemee kwamba violezo 300 vitahama vyote vikiwa hai. Keti kwenye ile kompyuta ya tatu, ambayo nakusihi kama Karani usiifute, na ufanye kazi ya aina mbili. Faili zote 300 zitoe kama PDF, ili angalau mteja akija na kadi ya dada yake ya mwaka 2019 uweze kumwonyesha ilivyokuwa. Kisha keti na daftari, uhesabu ni violezo vingapi hasa wateja wameviagiza katika miaka miwili iliyopita. Mimi nilidhani ninavyo 180 vinavyoishi, vilikuwa 23. Hivyo 23 nilivijenga upya kwa mkono, viwili kila jioni, na vilivyobaki vimelala kwenye PDF hadi leo.

Vya kujenga upya, mimi hutumia Inkscape kwa sura ya kadi, yaani mapambo, majina ya bwana na bibi harusi, maua na fremu. Ile PDF yako ukiifungua ndani ya Inkscape utapata mapambo yakiwa bado ni michoro inayogeuzika, ingawa maandishi mara nyingi huwa yamekatika mstari mmoja mmoja, na ni rahisi zaidi kuyafuta na kuyaandika upya kuliko kuyaunganisha. Faili za CorelDRAW ambazo wabunifu wengine hukuletea nazo Inkscape huzifungua, kwa mashaka hayo hayo ya maandishi. Kazi ikiwa ni ya kupelekwa kwenye mashine kubwa ya uchapaji, ipitishe Scribus, kwa sababu Scribus hutoa PDF yenye rangi za CMYK, yaani rangi nne za wino wa uchapaji, na Inkscape hufanya kazi kwa rangi za skrini. Nyekundu uliyoipenda kwenye kioo inaweza kutoka kama damu ya mzee. Kwa kadi unazochapa mwenyewe kwa printa ya wino, hilo halikuhusu sana.

Sasa majina ya waalikwa. Najua kadi huandikwa Bw. na Bi. fulani, na nyingine za mtu mmoja, na kamati hukuletea orodha yenye majina 200 usiku wa kuamkia siku ya kugawa. Usiyaandike moja moja. Orodha iweke kwenye Calc, safu ya kwanza jina, ya pili aina ya kadi. Fungua Writer, programu ya kuandika ya LibreOffice, weka ukubwa wa ukurasa uwe ukubwa wa kadi, iweke sura ya kadi kama picha ya nyuma, kisha bonyeza Ctrl+Shift+F4 ili kufungua dirisha la vyanzo vya data. Ukishaisajili ile orodha kama chanzo, shika kichwa cha safu ya jina kwa kipanya ukiburute hadi pale jina linapotakiwa kukaa. Ukiamuru kuchapa, Writer itakuuliza kama unataka kuchapa barua za fomu. Ukikubali, utapata kadi 200, kila moja na mwenyewe. Nilipoifanya mara ya kwanza nilichapa kadi tatu tu za majaribio, nikakuta jina refu la mzee mmoja wa Lamu limeshuka mstari wa pili na kufunika tarehe. Tangu siku hiyo nalitafuta kwanza jina refu kuliko yote katika orodha, naanza nalo.

Kuhusu picha za pasipoti, GIMP inatosha kukata na kusafisha, hapo sibishani. Kinachokosekana ni kile ulichokuwa nacho, kurekodi hatua na kuzirudia kwa kitufe kimoja, kwa sababu GIMP haina kinasa cha aina hiyo. Hatua za kujirudia huandikwa kama hati ya programu, na hiyo si kazi ya mtu wa dukani mwenye foleni. Njia niliyoiona nyepesi ni hii: kazi ya kupanga itoe kwenye programu ya picha uipeleke kwenye kiolezo. Chukua karatasi ya picha ya milimita 102 kwa 152, ilaze. Kama picha ni ya milimita 35 kwa 45, nne zikikaa kwa upana zinachukua milimita 140, na mistari miwili inachukua 90, kwa hiyo kila upande unabakiwa na milimita 12 za kugawanya kwa ajili ya mkasi. Tengeneza ukurasa huo ndani ya Inkscape, ingiza picha moja kwa kuiunganisha, si kuipachika, iite picha.jpg, kisha itengenezee nakala pacha saba zinazoifuata ile ya kwanza. Mteja akija, unakata picha yake ndani ya GIMP kwa uwiano wa 35 kwa 45, unaihifadhi kwa jina lile lile la picha.jpg mahali pale pale, unafungua kiolezo, na nane zote ni zake. Ubalozi ukitaka ukubwa mwingine, tengeneza kiolezo cha pili.

Faili zako za zamani za Photoshop (PSD) zenye tabaka nyingi GIMP itazifungua, ila vivuli na ming'aro iliyowekwa kama mitindo ya tabaka haihami ilivyo. Hizo zifungue kwa Photopea, ambayo ni programu inayoishi ndani ya kivinjari. Inahitaji intaneti kuifungua, lakini picha yenyewe inashughulikiwa ndani ya kompyuta yako, haipandishwi kokote, kwa hiyo usihofie bando wala siri ya mteja.

MhasibuWaJioni, Arusha:

Nitasema kuhusu hesabu peke yake. Programu inayopendekezwa sana kwenye Linux ni GnuCash, nayo ni nzuri, lakini usinunue matarajio kwamba itafungua faili ya programu yako ya zamani, kwa maana programu za hesabu hufungia data zake katika miundo yao wenyewe. GnuCash hupokea CSV na QIF, miundo ya kuhamishia data, na mwenye subira anaweza kuhamisha miamala yote kwa njia hiyo, ila katika duka la ukubwa wako sioni faida yake.

Fanya hivi: subiri mwisho wa mwezi, fungua programu ya zamani kwenye ile kompyuta ya tatu, toa urari, orodha ya wadaiwa na orodha ya wadai, vyote kwa PDF na kwa karatasi. Salio la kila akaunti katika urari huo ndilo linakuwa salio la kuanzia katika vitabu vipya, na miamala ya nyuma inabaki ilipo kwa ajili ya ukaguzi. Nikiwa mkweli, kwa steshenari yenye mauzo ya taslimu na ya simu, daftari safi la Calc lenye karatasi moja kwa kila mwezi linaweza kukutosha, na GnuCash ukaianza pale utakapokuwa na wadaiwa wengi, kama shule zinazolipa mwisho wa muhula.

FundiPrinta, Mwanza:

Hukutaja aina za printa, kwa hiyo nitabahatisha kutokana na dalili.

Leza inayoonekana, inayopokea kazi na isiyotoa karatasi mara nyingi ni mojawapo ya zile ndogo za HP, kama LaserJet P1102. Linux huzitambua kwa kutumia HPLIP, programu ya HP wenyewe ambayo kwa kawaida Mint huja nayo, lakini baadhi ya printa hizo zinahitaji kipande cha ziada kisicho huria ambacho hakiji na mfumo. Ukiwa na intaneti, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika hp-plugin, ukubali masharti, subiri kipakuliwe, kisha izime printa na kuiwasha. Kama leza yako ni ya Canon za zamani zinazotumia mfumo wa CAPT, kwa mfano LBP2900, hali ni ngumu zaidi, na kwa hizo mimi huwashauri watu waiache printa kwenye mashine ya Windows na kuishiriki kwa mtandao wa ndani.

Ya wino, kama ni Epson za matangi, draiva ya kuchapa ipo tayari kwenye hazina ya Mint kwa jina la printer-driver-escpr, na kwa kuskani pakua Epson Scan 2 ya Linux kutoka kwenye tovuti ya Epson. Kusafisha vichwa kunafanyika kwa Epson Printer Utility, ambayo nayo ina toleo la Linux. Lipo jambo moja ambalo wenye steshenari hulisahau hadi siku taa mbili nyekundu zinapoanza kupepesa kwa zamu: programu ile ya kuriset kihesabio cha pedi za wino ni ya Windows. Usijaribu kuiendesha kwa Wine, kwa sababu Wine huendesha programu za Windows lakini haibebi draiva zake, na programu ile inataka kuzungumza na printa moja kwa moja. VirtualBox, inayoendesha Windows nzima ndani ya Linux, ingeweza, ila kwa RAM ya GB 4 utagawanya mkate usiotosha hata mmoja. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha kompyuta ya tatu iishi.

DadaSteshenari, Morogoro:

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu, nikiwa nimefanya kwanza ndipo niandike.

Kompyuta ya tatu haikufutwa. Nimeichomoa waya wa mtandao na kuisogeza pembeni, na kijana wangu mmoja anatoa PDF za kadi kila asubuhi kabla wateja hawajajaa, amefika 214. Nilihesabu violezo vinavyoagizwa kama alivyoelekeza MchoraKadi, nikapata 31, na nimejenga 9. Wiki iliyopita nilitoa kadi 160 za harusi kwa njia ya Calc na Writer, nikaanza na jina refu kuliko yote, na hakuna iliyoharibika isipokuwa mbili ambazo kamati yenyewe ilikosea jina la baba.

Fonti za Carlito na Caladea zilirudisha ule mtihani kwenye kurasa mbili, na mchoro ukarudi kukaa chini ya swali la 14. Mwalimu hakuamini kwamba sikugusa kitu. Fomula nimeziandika upya kwa INDEX na MATCH, kwa sababu bando langu halikuruhusu ile njia nyingine, na mwalimu amesema hata kompyuta ya zamani ya shule sasa inazisoma. Printa ilikuwa kama alivyobahatisha fundi, hp-plugin ilimaliza. Hesabu bado ninasubiri mwisho wa mwezi.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja, nami nilitambua dukani. Wateja wetu huleta flashi zenye virusi vile vya njia ya mkato, ambapo mteja anaona kijipicha kimoja tu na kulia kwamba tasnifu yake imepotea. Nikiichomeka kwenye Mint, ile njia ya mkato inalala tu pale bila kufanya lolote, na kando yake naona folda ambayo Windows ilikuwa imeificha, mara nyingine ikiwa haina jina kabisa, na ndani yake kazi zote za mteja ziko salama. Nazihamisha nje, nafuta kile kijipicha, namrudishia flashi yake. Sasa watu wanatumana kuja kwangu kwa kazi hiyo peke yake.

Nimebakiwa na kero moja ndogo. Barua za Kiswahili ndani ya LibreOffice zimepigiwa mstari mwekundu kila neno, kuanzia Ndugu hadi Wako katika ujenzi wa taifa, na vijana wangu wanashindwa kuona kosa la kweli.

KaraniMkongwe, Dar es Salaam:

Hongera sana Dada. Kero hiyo inakwisha kwa dakika mbili: weka kifurushi cha hunspell-sw kutoka Meneja wa Programu, funga LibreOffice na uifungue, kisha katika mipangilio ya lugha chagua Kiswahili cha Tanzania kuwa lugha ya nyaraka. Barua ambazo zilikwisha kuandikwa utazichagua zote kwa Ctrl+A na kuzibadilishia lugha kwenye menyu ya zana. Bado itapigia mstari vitenzi vyenye viambishi vingi, kwa hiyo neno likiwa sahihi libonyeze kwa upande wa kulia wa kipanya na kuliongeza kwenye kamusi yako. Faili ya kamusi hiyo, standard.dic, iko kwenye folda ya mipangilio ya LibreOffice iliyofichwa. Ukiinakili kwenye ile kompyuta nyingine hutahitaji kurudia kuongeza maneno.